Majani Chini ya Dirisha la Nyuma

Kama kuna mtu aliyezaliwa ili achukizwe, basi ni Bi Reki. Jina alilopewa na wazazi wake mtaa mzima ulishalisahau. Walimwita hivyo kwa sababu ya reki yake ya meno kumi na mawili, aliyotembea nayo mwaka mzima kama mkongojo, ingawa miguu yake ilikuwa mizima kuliko ya wengi waliomcheka. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Ishirini na minane kati ya hiyo aliimaliza katika chumba cha kufulia cha hospitali, akipokea mashuka ya wodi nne, na mtu aliyepokea mashuka ya wodi nne kwa muda huo hana tena cha kufichwa kuhusu binadamu. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Bi Reki aliongeza kwamba aibu ya aliye hai aijuaye dobi.

Alipostaafu akahamia kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, katika mtaa wa mlimani uliojaa miti hadi kwenye mapaa. Wenyeji waliusifu mtaa wao kwa kivuli. Bi Reki hakuona kivuli, aliona kuni. Mikaratusi ilijichubua magome yakaning'inia kama nguo za mlevi, na majani yake yakishakauka yana mafuta, yanawaka hata ukiyatazama vibaya. Barabara ilikuwa moja tu, ya kupandia na ya kushukia, na nyembamba. Miaka sita nyuma moto wa msituni ulishuka ukala nyumba tatu za mwisho kabla mtu hajamaliza kuoga. Ndipo ikaundwa kamati, kamati ikamfanya Bi Reki mwenyekiti na kumpa daftari, na daftari likampa ruhusa ya kuingia nyua za watu na kuchukizwa kwa mamlaka.

Sababu hazikukosekana. Kila mwaka kiangazi kilipokaribia, alipita nyumba kwa nyumba pamoja na jirani yake, fundi bomba aliyeitwa Fundi tu, mtu mrefu mwenye maneno mengi. Fundi alipanda ngazi, Bi Reki alibaki chini akipokea habari za mifereji ya paa.

"Huku kuna udongo, kuna miche, kuna panya watatu marehemu," Fundi alitangaza siku moja. "Mfereji huu umebakiza kuku tu uwe shamba."

"Na nepi ile inayoning'inia?"

"Nepi mbili, Bi Reki. Moja bado ina mzigo."

Mwenye nyumba alisimama pale pale na kikombe chake cha chai, akasema huenda ni upepo. Bi Reki alimtazama kuanzia juu hadi chini, akauliza kama upepo huo nao unanyonya bado. Ndivyo alivyokuwa. Hakumwonea mtu haya, na usiku alilala vizuri sana.

Daftari lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya uwanja: majani, mifereji, matawi yaliyogusa paa, kuni zilizopangwa ukutani. Ya pili ilikuwa ya watu. Kila nyumba iliulizwa kama kuna mtu asiyeweza kutoka kwa miguu yake mwenyewe. Orodha hiyo ilipelekwa kituo cha zimamoto, na siku ya moto gari lenye machela lingewafuata wale walioandikwa. Aliyeandikwa anafuatwa. Asiyeandikwa hayupo. Na nyumba yenye mgonjwa wa kitandani ilikuwa na masharti yake: miti yote iliyo ndani ya hatua kumi kutoka dirishani kwake ikatwe, na kamati imbebe kwa machela kutoka kitandani hadi barabarani kama jaribio, dakika kumi zisizidi. Mwaka huo orodha ilitakiwa kufika zimamoto Jumamosi kabla ya saa sita mchana.

Sasa, Bi Reki ambaye hakumsifu mtu, alimsifu Wakili.

Wakili alikaa nyumba ya kumi na sita, nyuma ya ua mnene wa misonobari uliopanda hadi ukaficha kila kitu isipokuwa paa. Ukichungulia getini, uwanja wa mbele ulikuwa umefagiliwa kama sahani. Kila mwaka Wakili mwenyewe alitoka kuwapokea na maji baridi kwenye trei, bilauri zimefunikwa. "Mama, bila wewe mtaa huu ungekuwa majivu," alisema, na Bi Reki, mkali wa mtaa, alilegea kama sabuni kwenye maji. Akauliza juu ya mama mzazi wa Wakili, kwa maana ilijulikana kwamba alipooza upande mmoja. Wakili akajibu kwamba yuko kwa dada yake, anaendelea vizuri. Bi Reki akaweka tiki, akanywa maji pale pale getini, akaondoka. Kwenye mikutano aliwaambia wengine, "Igeni kwa Wakili." Mambo yalikwenda hivyo miaka mitatu.

Jumamosi hiyo kila mtu alikuwa ametoa magunia ya majani barabarani ili lori liyachukue. Fundi, aliyependa kuhesabu vitu vya watu, alisimama mbele ya nyumba ya kumi na sita akajikuna kichwa.

"Bi Reki, yule jirani wa chini ana mikaratusi miwili, katoa magunia tisa. Wakili ana mikaratusi sita. Magunia yake yako wapi?"

"Labda katangulia kuyapeleka."

"Kwa gari gani? Lile lake jeupe? Hata mguu wenye vumbi hauingii mle."

Bi Reki alitaka kumwambia anyamaze. Lakini hesabu ilikwisha kumwingia. "Majani hayapai," alisema polepole, kisha akapita kando ya geti, akainama, akajipenyeza baina ya ua na ukuta kwa kufuata mtaro wa maji machafu, huku misonobari ikimchana mikono.

Alichokikuta huko nyuma kilimsimamisha. Majani ya miaka mitatu yalirundikwa kwenye ukuta wa nyumba hadi usawa wa dirisha, yakafunikwa turubai la kijani na kufungwa kamba kwa fundo safi. Chini ya turubai yalichungulia matawi makavu, maboksi na kuni. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe aliyepitishwa ni Bi Reki na daftari lake. Dirisha lilikuwa na nondo. Juu ya rundo, kwenye kamba fupi iliyofungwa mahali pasipoonekana kutoka popote, palianikwa mashuka mawili na mpira wa kutandika chini ya mgonjwa, ule wa rangi ya kahawia. Halafu harufu ikamfikia: mkojo uliolala, dawa ya vidonda, na poda iliyomwagwa juu ya vyote viwili ili kuvituliza. Harufu hiyo alikuwa ameifua miaka ishirini na minane.

"Fundi," aliita, "humu ndani kuna mtu."

Wakili alitokea kwa mlango wa jikoni, na safari hii bila trei.

"Mama, huku si mahali pa wageni."

"Ni mahali pa nani, baba?"

Wakili alianza na maneno makubwa. Mama yake alikuwa mtu wa heshima, mshonaji aliyewavisha mabibi harusi wa mji mzima. Hataki kuonekana katika hali ile. Analishwa, anaogeshwa, kuna binti anakuja asubuhi na jioni. Yote hayo huenda yalikuwa kweli. Lakini Bi Reki aliendelea kumkodolea macho, na macho yake yakamsukuma Wakili hadi kwenye neno lenyewe.

"Ukimwandika, mtanikatia ua wote wa upande huu. Unajua miti hii imechukua miaka mingapi kufika hapa?"

"Na mama yako amechukua miaka mingapi?"

Bi Reki alisikia kinyaa kinampanda, kinyaa ambacho wodi nne hazikuwahi kumpa. Alishika mashuka yenye damu na matapishi ya watu asiowajua, akala chakula chake cha mchana baada ya hapo bila shida. Lakini huyu mtu alipanga majani ya mafuta chini ya dirisha la mama yake, akayafunga kamba, kisha akatoka kwenda kumpa mwenyekiti wa kamati maji baridi. Bi Reki alitema mate juu ya turubai. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

"Fundi, lete machela, uikunje upite nayo huku huku mtaroni."

Chumba kilikuwa na taa inayowaka mchana, kwa sababu majani na ua vilikula mwanga wote. Kitandani alilala mwanamke mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, zimesukwa vizuri. Mkono mmoja ulikuwa umekunjamana kifuani, ule mwingine ulishika kikombe cha bati.

"Shikamoo, mama," alisema Bi Reki.

"Marahaba, mwanangu." Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo, lakini yalitoka. "Mmekuja kunibeba?"

"Tunajaribu tu, mama. Tuone kama moto ukija utatoka salama."

"Haya. Mimi si mzito."

Kweli hakuwa mzito, ila nyumba ndiyo ilikuwa nzito. Mlango wa nje ulikuwa hatua tatu tu kutoka kitandani, na haukufunguka, majani yaliuzuia kwa nje. Wakapita korido. Korido ilijaa maboksi ya mafaili ya kesi za watu, machela ikagoma kukata kona. Fundi aliyekuwa mbele alirudi nyuma, akageuza, akainua upande wa kichwani, akaapa, akaomba radhi kwa mama kwa kuapa. Ikabidi wamlaze sakafuni juu ya blanketi huku wakihamisha maboksi moja moja. Wakili naye alibeba, jasho likamlowanisha shati. Hakuna aliyemshukuru. Sebuleni kiti kikubwa kilihitaji kuondolewa, na geti lilikuwa na kufuli ambalo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa suruali nyingine.

Walipomweka chini barabarani, Fundi alitazama simu yake. "Dakika ishirini na sita," alisema, na hakuongeza mzaha.

Mwanamke alikunja uso kwa sababu ya jua. Akageuza kichwa taratibu, akaitazama nyumba, ua, geti, kama anayepima kitambaa kwa jicho.

"Kumbe geti liko karibu hivi," alisema.

Bi Reki alichutama kando yake, akafungua daftari kwenye goti. Moyoni alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia Wakili mbele ya majirani waliokwisha kuanza kujongea. Yalikuwa maneno yenye makali, ya kutosha mkutano mzima, na Wakili alisimama pale akiyasubiri, mikono imening'inia.

"Nikuandike jina gani, mama?"

Mwanamke alimtajia majina yake matatu, kisha akamtazama kwa makini.

"Wewe ndiye unayekuja kila kiangazi. Sauti yako naijua."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka jana nilikusikia. Nikagonga nondo za dirisha kwa kikombe. Ukauliza, 'Nani anagonga huko?' Mwanangu akasema ni seremala yuko kazini. Nikajisemea, huyu mama ni mkali, hadanganyiki." Akapumua. "Nikangoja uulize mara ya pili."

Bi Reki alikumbuka. Alikumbuka hata bilauri mkononi, na ubaridi wake. Alimtazama Wakili, na yale maneno aliyokuwa ameyapanga hayakutoka, kwa sababu kila moja alilolishika lilimfaa yeye pia. Majirani walikuwa wamefika. Walingoja aanze, maana walimjua.

Saa sita ilikuwa imebakiza dakika ishirini. Akaandika majina matatu ya yule mwanamke katika mstari wa kwanza wa orodha, na chini yake akaandika kwamba mtu huyu amelala nyumba ya kumi na sita miaka mitatu bila kuandikwa, kwa sababu mwenyekiti wa kamati aliishia getini. Akatia sahihi. Fundi alisoma, na Bi Reki akamwambia alipeleke daftari zimamoto likiwa vile vile.