Mluzi wa Tabo

Mikono yangu haijui kukaa. Nikinunua redio, kabla sijasikiliza taarifa ya habari nimeshaifungua nione ndani kuna nini. Kwa hiyo nilipopata gari lenye tabo, ile feni ndogo inayoshindilia hewa kwenye injini ili iwe na nguvu kuliko ukubwa wake, usingizi ulinihama. Kila fundi niliyemuuliza aliniambia neno lile lile: toa hiyo tabo, weka injini ya kawaida, ulale. Niliwachukia. Nikaamua kulirekebisha mwenyewe, uani kwangu Bunju, kwa kompyuta ya mkononi, waya wa kuiunganisha na gari, na video za watu wa mbali ambao barabara zao hazina bajaji.

Mama hakulipenda gari lile tangu siku ya kwanza. Tabo ikishindilia hewa hupiga mluzi, na nyumbani kwetu Mtoni tulikatazwa kupiga mluzi tangu tunajifunza kutembea, maana unaita nyoka, na usiku unaita wasiokuwa nyoka. Akipanda, alishika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili na kuanza kusoma dua.

"Mwanangu, mie sipandi kitu kinachojiitia mashetani chenyewe," aliniambia. "Nitapanda basi."

Nilidhani utani, lakini basi alipanda kweli. Iliniuma. Nilitamani siku moja akae kwenye gari langu ajione yuko salama na mwanawe.

Nafasi ikaja mjukuu wake, mtoto wa dada yangu, alipokuwa anatoka jandoni kijijini kwa asili yetu, kusini, karibu na Lindi. Nguo mpya za kutokea zilikuwa kwa mama. Alizishona mwenyewe, na mtoto hawezi kurudi nyumbani na nguo alizoingia nazo. Nilimbembeleza mama aache basi mpaka akakubali. Mtu mwenye akili angeliacha gari lilivyo. Mimi nilitaka apande kilima bila kujua kwamba ni kilima.

Kwenye mpira mwembamba unaoiambia tabo ipunguze kusukuma, nilipachika kikoki cha tangi la samaki wa mapambo. Ukikifungua, mpira unavujisha hewa, tabo inadanganyika na kuzidi kusukuma. Nikabadili na namba za mafuta kwenye kompyuta ziendane nayo. Kila alfajiri nililitoa barabarani, nikakanyaga, nikarudi, nikasoma namba, nikafungua kikoki kidogo tena. Namba zilikuwa nzuri. Jana yake pia zilikuwa nzuri, lakini sikuweza kutulia.

"Hivi wewe umekalia siafu?" mke wangu aliniuliza aliponiona natoka tena na spana mdomoni. "Gari limeshapona, liache."

Asubuhi ya safari nilimkuta mama mlangoni kwake Mtoni na shangazi zangu wawili, magunia ya mchele, ndoo za mafuta ya kupikia, mikeka, na sufuria la kupikia wageni ambalo ningeweza kuoga ndani yake. Niliwaamkia huku nayahesabu magunia.

"Ulidhani tunakwenda ngomani mikono mitupu?" shangazi mkubwa akasema. "Pakia, jua linapanda."

Nikapakia. Gari likakaa chini kwa nyuma kama kuku anayeatamia. Foleni ya Mbagala ikatuchemsha, na tulipovuka daraja la Mzinga kuanza kupanda Kongowe, nilisikia sauti ya kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Injini ilikuwa inagonga. Kwa joto lile na mzigo ule, mafuta yalikuwa yanawaka kabla ya wakati wake, na ukiendelea hivyo injini inapasuka. Nikaegesha pembeni.

Nilipofungua boneti ndipo niliona ujinga wangu. Nilikuwa nimelipima gari likiwa tupu, asubuhi ya baridi, na mimi peke yangu ndani. Nilitengeneza gari la mtu mmoja, na kwetu hakuna safari ya mtu mmoja.

Hata hapo vidole viliniwasha. Funga robo tu, nilijisemea, ujaribu kilima.

"Mwanangu," mama akaita kutoka dirishani. "Tutafika? Mtoto anatoka kesho asubuhi."

Hakuwa anatania. Alikuwa ameukumbatia mfuko wa nguo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. Niliona aibu. Nikaking'oa kikoki, nikarudisha mpira kama ulivyotoka kiwandani, nikarudisha na namba zote kwenye kompyuta.

Tukaondoka. Mguu wangu niliuchunga, nisikanyage mpaka tabo ikaamka. Malori yakatupita. Basi likatupita, labda lile lile ambalo mama angepanda. Nilijikuna, nikabadili mkao, nikapigapiga usukani kwa vidole. Kila gari lililotupita niliona linanitukana. Tulipoiacha Mkuranga sikuvumilia, nikageuka nimwombe mama radhi kwa mwendo ule.

Mkono wake haukuwa kwenye kishikio. Kichwa kilikuwa kimelalia kioo, mdomo wazi, nguo za mjukuu mapajani.

"Polepole," shangazi akaninong'oneza kutoka nyuma. "Halalagi safarini huyu."

Mguu uliniwasha mpaka Lindi, na sikukanyaga.