Babu Yangu Kwenye Picha ya Rubani

Ukitaka kumpata mtu mweusi kwenye picha za marubani wa vita vya Mjerumani, usimtafute yeye. Mtafute mzungu wake. Mimi nililijua hilo baada ya kupoteza likizo nzima nikiuliza swali lisilo na jibu kwenye vyumba vya kumbukumbu hapa London, mahali unapoingia na penseli tu, kalamu ya wino unaiacha nje kama viatu msikitini. Kila mhudumu niliyemfuata aliniuliza kwa upole uleule: jina, cheo, namba. Jina babu yangu alikuwa nalo. Namba hakupewa. Cheo chake kilikuwa kushika mkia wa ndege.

Sitanii. Ndege za wakati ule zilikuwa za mbao na turubai, na hazikuwa na breki. Rubani akishawashiwa injini, wanaume walikuwa wanaung'ang'ania mkia mpaka apunge mkono, ndipo wauachie. Babu alichukuliwa na jeshi la Waingereza kubeba mizigo, akapelekwa upande wa Rufiji kufyeka pori ili ndege zipate pa kutua, na mwisho akawekwa kwenye mkia. Aliporudi kijijini akawasimulia watu, nao wakamcheka mpaka anaingia kaburini, kwamba wenzake walikwenda vitani kushika bunduki, yeye kashika mkia. Alisema pia kwamba rubani wake alipiga naye picha. Hiyo hawakuicheka sana, kwa sababu hakuna aliyeiamini.

Mama yangu ndiye kitinda mimba wake. Babu alifariki mama hajaanza kutembea. Maisha yake yote mama ameambiwa kwamba kafanana na baba yake, pua ileile, paji lilelile, na hajawahi kukiona hicho alichofanana nacho. Sasa amevuka themanini. Presha ya macho imekwisha kumla jicho la kushoto, na la kulia limebakiwa na tundu dogo la kuonea. Daktari wa Dar es Salaam alimwambia dada yangu, anayeishi naye, kwamba hilo nalo linaondoka. Mama hakulia. Alinipigia simu.

"Baba," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "wewe uko huko kwa wenye picha. Nitafutie baba yangu nimwone kabla sijafunga duka."

Basi nikaanza. Kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao, mitaa ya Kenton na Queensbury hapa London. Nawaogesha baba za watu na mama za watu, wangu nimemwachia dada, na siku za mapumziko nilizimalizia kwenye maboksi ya picha. Nimewatazama marubani mpaka nikawachoka. Wanavuta kiko, wanacheka, wameegemea mabawa kama vijana walioazima gari la mjomba. Chini ya kila picha kuna maelezo, luteni fulani, kapteni fulani. Kwenye picha moja walikuwa na mbwa, na mbwa kaandikwa jina. Pembeni yake wamesimama wanaume wa kwetu na mapipa ya mafuta vichwani, nao wameandikwa "wenyeji". Nilirudisha boksi nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, kwani ningebaki mle ndani ningemtukana mtu asiye na kosa.

Mtu mmoja pale nje, aliyekuwa akivuta sigara, ndiye aliyenielekeza kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wanaofuatilia medali za babu zao. Ni watu wema, wengi wastaafu. Watakueleza utepe wa rangi gani ulitolewa kwa vita vipi, na watabishana juu ya kifungo cha koti wiki nzima. Nikaandika humo kwamba natafuta picha za marubani waliokuwa Rufiji, babu yangu alikuwa nao. Nikaweka na jina lake.

Akanijibu mzee mmoja wa Tooting, kusini mwa London. Babu yake alikuwa rubani huko, na picha yake anayo, amesimama mbele ya ndege. Nyuma ya karatasi, kwa penseli, rubani aliandika jina lake mwenyewe na jina jingine ambalo familia yao haikujua ni la nani. Mzee akaninukulia herufi kwa herufi. Lilikuwa jina la babu yangu, limekosewa kidogo tu, na baada yake maneno: mtu wangu wa mkia.

Nilimpigia mama papo hapo, nimesimama kwenye kituo cha basi. Alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Tangu siku hiyo kila asubuhi dada alinitumia swali moja kwa niaba yake: imefika?

Mzee wa Tooting alinipokea vizuri, nisimsingizie. Chai, biskuti, kiti kizuri cha karibu na dirisha. Ukutani alikuwa amezitengenezea fremu medali za babu yake, zimepangwa juu ya kitambaa cheusi, na juu yake picha yenyewe, imekuzwa, imetiwa rangi. Rubani kijana, mrefu, ametazama mbele. Nyuma yake ndege. Nyuma ya ndege nyasi, na anga safi kabisa. Nikainuka, nikavaa miwani, nikasogea mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kioo.

"Babu yangu yuko wapi?" nikauliza.

Mzee akaiva uso. Akaja akagusa kioo, juu kidogo ya bega la kulia la rubani. "Alikuwa hapa. Na wengine wawili upande ule." Picha ilikuwa imeingia madoa, akasema, akaisafisha kwenye kompyuta, na katika kusafisha akawatoa wale watu wa nyuma ili babu yake aonekane vizuri. Hiyo ilikuwa kabla sijaandika. Karatasi ilikuwa imeoza, alishaitupa pamoja na albamu, akabakiza maneno ya nyuma aliyoyanakili. Na picha iliyosafishwa aliihifadhi juu ya ile ya kwanza, ikaifuta.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliandika kwamba unatafuta rubani."

Ni kweli, ndivyo nilivyoandika. Nilitaka kumpiga. Nilitaka nimpige mzee wa watu na sahani yake ya biskuti mkononi. Badala yake nilikaa nikamaliza chai yake yote, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, nayo ilikuwa chungu kama shubiri pamoja na sukari yake. Kisha nikamwuliza kitu kimoja. Wewe ulimwona. Alikuwaje?

Alifikiri kweli, hakunidanganya. "Mrefu, nadhani," akasema. "Kusema kweli nilikuwa natazama kingo tu, nisije nikalikata bega la babu."

Aliomba radhi mpaka mlangoni. Na baada ya siku chache, kwa wema wake huohuo, alinitumia picha kwa barua pepe. Ameiambia kompyuta imrudishe. Begani pa rubani amesimama Mwafrika kifua wazi, meno meupe, anacheka kwa furaha sijui ya nini. Hakuwa mtu yeyote. Kompyuta ilikuwa imechanganya sura za watu isiowajua ikamsimamisha pale. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na sura nzuri, ya kumwonyesha mama wa mtu.

Dada nilimtumia yeye peke yake, na nikamweleza. Akanipigia.

"Mwonyeshe tu, kaka."

"Si yeye."

"Najua si yeye. Mama anaonea kitundu cha sindano, atajuaje? Afurahi, afunge macho yake akiwa ameridhika. Wewe unapoteza nini?"

Yeye ndiye anayemshika mama mkono kwenda chooni, mimi niko huku nashika wa wengine. Lakini nilimwona mama akilala na kucheka kule kwa kubandika, akiota nako, akikutana nako kaburini akidhani ni baba yake. Kama wao walimfuta, mimi nisimzike mwingine kwenye nafasi yake. Nikamwambia dada anipe mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Imefika?"

Nikamweleza yote, fremu, kompyuta, albamu iliyotupwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, sikujiandaa kwa swali.

"Na huyo mzungu, sura yake ipo?"

"Ipo, mama. Safi."

"Nitumie huyo."

"Wa nini, mama?"

"Si ndiye aliyemwona baba yangu? Waliomwona huku wote wamekwisha kufa. Nataka niyaone macho yaliyomwona."

Nikaituma ile ya ukutani, niliyoipiga kwa simu yangu. Dada akafungua spika, akaishika simu mbele ya jicho la kulia, akawa anaisogeza polepole, maana kitundu kile hakiingizi mtu mzima, lazima umpitishe kipande kipande. Mimi huku nikasubiri, sikio limebanwa na simu.

"Nimempata," mama akasema. "Kumbe mtoto tu. Na baba yangu alisimama wapi?"

"Nyuma yake. Kwenye bega la kulia."

"Huyu anatazama mbele."

"Ndiyo, mama."



"Basi naye hakumwona," akasema, akamwambia dada aiondoe simu, jicho limechoka.