Hodi Kwenye Kompyuta

Mjukuu wangu hutengeneza gemu. Si hizi za kupigana risasi wala za mpira. Zake ni fupi, zinaisha kabla chai haijapoa, na hazina kushinda. Akipata za watu wa mbali pia, huniwekea kompyuta mapajani tukacheza sote. Kuna moja wewe ni jiwe. Umetulia tu. Mvua inanyesha, kaa anakupanda mgongoni, anashuka, basi, imekwisha. Ile nilicheka mpaka uji ukanimwagikia, maana nilimwona marehemu mume wangu alivyokuwa barazani, kazi zikimpita. Nyingine unaanika nguo za mtu usiyemjua. Leo gauni pana la mjamzito, kesho nepi. Hiyo ichezeni, hata kama hamchezi kitu kingine.

Mama yake, binti yangu, hakuona cha kuchekesha. Yeye ni wa hotelini Diani, na sauti yake ya kazini ninaweza kuiiga: "Karibu sana mgeni wetu, tukusaidie nini leo." Ya nyumbani ni nyingine: "Mama, usimpe kichwa huyo. Jumamosi kuna maonyesho ya gemu Ukunda, apeleke yake. Watu wasipoipenda, Jumatatu anaingia mapokezi hotelini kwetu. Nimeshamwombea nafasi."

Mtoto hata chakula kikamshinda. Gemu yake ilikuwa hivi: unatembea mtaani kwetu Msambweni, unaingia nyumba za watu, unatazama vitu vyao, unatoka. Wenzake walioijaribu waliichoka mara moja. Akaniletea mimi.

"Bibi, bonyeza hapa utembee."

Nikatembea mpaka mlango wa kwanza, nikasimama.

"Hodi."

Nikangoja, nikaongeza sauti.

"Hodi humu ndani."

"Bibi, wewe ingia tu."

"Niingie vipi na sijakaribishwa?" Nikaita mara ya tatu, sikujibiwa, nikageuka zangu. "Hawako hawa. Au wako na leo hawataki watu, si neno. Twende kwingine."

Akanikodolea macho. Nilidhani nimeharibu kitu. "Kama imevunjika," nikamwambia, "mwambie mama yako ni paka." Lakini yeye alikuwa ameshainuka kutafuta simu ya kunirekodi.

Wiki ile nilikuwa watu wengi. Mjukuu aliondoa vibonyezo vyote vya kufungulia milango. Sasa ukifika unaipigia hodi kompyuta kwa mdomo wako, na unangoja. Wa ndani anakujibu, na wa ndani ni mimi. Nyumba ya kwanza nilikuwa jirani yangu muuza mahamri, anayesemea puani: "Karibuu, mahamri yameisha, lakini kaa unipe habari." Ya pili nilikuwa mwalimu wa madrasa, yule asiyemaliza salamu bila kukukosoa. Ya tatu hajibu mtu. Unaita mara tatu, unaondoka, na ukishageuka unasikia watoto wanacheka nyuma ya mlango.

Kwa ile ya mwisho mjukuu akaniuliza, "Babu alikuwa akijibu vipi?" Yeye hakumkuta. Nikakohoa kikohozi chake, nikamjibia.

Jumamosi ukumbi ulijaa vijana, wengi wa bara, ambao bibi kwao ni shosho. Mmoja mwenye kofia nyekundu akabonyeza, akabonyeza.

"Shosho, hii kitu imekwama. Mlango haifunguki."

"Piga hodi, mwanangu."

"Kwa nani sasa? Kwa kompyuta?"

"Kwa wenye nyumba. Kwani umekuja kwangu?"

Akaona haya, akanong'ona, "Hodi." Muuza mahamri alipomwitikia, kijana nusura aanguke na kiti. Baada ya hapo aliwaita wenzake wote. Ukumbi mzima ukawa hodi, hodi, kama nyumba yenye harusi.

Binti yangu akaja na sare yake ya kazi, akasimama nyuma amekunja mikono. Zamu yake ilipofika alianza na sauti ya hotelini. Akamtambua muuza mahamri, akaguna. Akamtambua mwalimu, akaniangalia kwa jicho la pembe. Kisha akafika mlango wa mwisho.

"Hodi."

Mle ndani mtu akakohoa. "Nani?"

"Ni mimi." Hiyo haikuwa sauti ya hotelini wala ya nyumbani. Hiyo ilikuwa ya msichana wa shule aliyechelewa kurudi.

"Akina mimi wako wengi mji huu. Vua viatu uingie, usinijazie mchanga mkekani."

Binti yangu akainama, akavua viatu. Maneno ya kumtania nilikuwa nayo, nikayameza. Mlango ukafunguka. Ndani mna mkeka, redio, na kofia msumarini. Akakaa humo kitambo, na foleni ikangoja.

Alipoinuka alimwuliza mwanawe, "Nyumba ziko ngapi?"

"Nne."

"Chache. Jumatatu uongeze."

"Jumatatu si ninaingia mapokezi?"

"Mapokezi nitawaambia watafute mwingine."

Tukatoka kungojea tuktuk. Huko barabarani mjukuu akatazama chini. "Mama, viatu?"

Tukarudi. Vilikuwa palepale, mbele ya kompyuta, ila vimepata wenzake. Aliyemfuata naye alivua, na aliyemfuata huyo naye, mpaka kijana wa kofia nyekundu, aliyerudi kucheza tena na soksi imetoboka kidoleni.