Uso wa Jiwe la Papa Ngoy

Papa Ngoy alikuwa mchonga vinoo, na Kalemie nzima, mwaka ule wa 1978, hukupata muuza nyama wala mama wa samaki ambaye kisu chake hakikunolewa kwa jiwe lake. Jiwe lake sharti liwe na uso, yaani upande wenye mawimbi madogo kama ya mchanga wa ufukweni. Jiwe lisilo na uso alilipita, tena kwa maringo.

Sasa tabaka lake la mawe lilikuwa limeisha. Alivyozidi kuchimba kilimani ndivyo lilivyozidi kuinuka, hadi likasimama wima na kupotelea ndani ya genge la mwamba asiloweza kulipasua. Shemeji yake alimwita aende kijijini Bendera akalime, na lori la kwenda huko lilikuwa la Jumatatu. Mzee wa watu aliumia. Mkono uliozoea tindo tangu ujana ungejifunzaje jembe?

Ijumaa akaja kijana aitwaye Mujinga, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akichora ramani ya mawe. Akapiga magoti mbele ya tabaka lile lililosimama, akalipapasa.

"Papa, hii jiwe ilikuwa muchanga chini ya maji, zamani sana, mbele hata hii ziwa haijakuwa. Kisha inchi kubwa za dunia zikasukumana, njo maana ikajikunja."

"Ikajikunja sawa kitenge?"

"Njo vile, Papa."

Papa Ngoy akawaza. Kitenge kilicholala maua juu, ukikikunja katikati, maua ya ile nusu ya juu hutazama wapi? Chini! Akanyakua mtaimbo, akapanda genge utadhani kijana, Mujinga nyuma yake akihema. Huko juu kulikuwa na bamba la jiwe, laini, halina uso. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akilikalia na kula mihogo yake.

Wakaling'oa kipande, wakakipindua. Mawimbi yalikuwa upande wa chini, yote, safi. Papa Ngoy akakitemea mate, akanoa kisu, akanyoa malaika ya mkono wake. Akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Niandike nini kwa karte ya mawe, Papa?"

"Andika kama hapa jiwe imelala kifudifudi. Na Ngoy alikuwa anakalia uso yake, akiitafuta. Kwa Bendera, shemeji atafute muntu mwingine. Mie niko na kazi."