Mkono Niliouachia Mapema

Mimi ni fundi simu hapa Singida Mjini, na neno kontakti nalisikia mchana kutwa. Mteja akiniomba kontakti zake zisipotee, anazungumzia namba za watu. Mimi nikisema kontakti zimeshika kutu, nasema vile vibati vidogo ambapo betri inagusana na simu. Ukivisugua, simu inawaka. Jirani yangu wa kibanda cha pili naye hujigamba ana kontakti wilayani, maana yake kuna mtu anamjua huko. Namcheka kimoyomoyo, ila mwenye upungufu ni mimi.

Kwetu Mtinko, baba akikusalimia hakuachii mkono. Unampa shikamoo, anaitikia, kisha anauliza watoto, kazi, mvua za mjini. Nawe unauliza ng'ombe, uwele, alizeti, majirani. Mkono umo mlemle kiganjani mwake mpaka habari ziishe. Utotoni nilichoka hadi nikawa nabadilisha mguu wa kusimamia.

Nilipomnunulia simu nilijiona mtoto mwema. Nikawa nampigia kila Jumapili: shikamoo, mzima, haya baba, nakata, wateja wamesimama. Yeye bado anauliza habari za watoto, mimi nimeshakata. Hakulalamika. Kwenda nyumbani nikaacha, mwaka mzima ukapita.

Siku niliyokwenda nilimkuta anapepeta uwele. Alijifuta kiganja kwenye suruali, akanipa mkono. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, nikasema sisi wazima, kisha nikautoa mkono wangu nikautia mfukoni. Sikukusudia, ndivyo nilivyokuwa nimezoea. Wake ulibaki hewani. Akautazama, akanitazama mimi.

"Mbona hatujamaliza?" alisema.

Nikacheka, nikasema tutaongea ndani. Ujinga mtupu. Kweli tuliongea, lakini kila mtu kwenye kigoda chake, na jioni nikapanda bodaboda kurudi mjini.

Alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Nina hamu na mkono ule, mgumu, wenye vumbi la makapi, hamu ambayo hainitoki hata nikiwa na wateja kumi mbele yangu.

Msibani wazee walipanga foleni kunipa pole. Wa kwanza alikuwa jirani yake baba, aliyelima naye miaka yote. Nilimpa shikamoo, akaniuliza safari, watoto, kazi, nikamjibu yote, na yalipokwisha nikaanza kumuuliza ng'ombe wake. Alinisikiliza, akajibu, kisha akainama karibu na sikio langu.

"Mwanangu, niachie sasa," aliniambia. "Na wenzangu wakushike."