Uti Mweusi wa Bawa

Kebaso alivaa shingoni senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati, ameitungia uzi. Wachuma chai walidhani ni hirizi. Kumbe ilikuwa chombo cha kazi. Kwa miaka minane aliziba matangi ya maji ya shamba kwa faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, na gundi, kisha akayagonga kwa senti ile na kusikiliza. Palipokuwa pazima paliitika kwa sauti kali. Palipoachana ndani paliitika kama mlango wa nyumba isiyo na watu.

Kwa ajili ya sikio hilo, injinia wa kiwanda, Bwana Thorley, alimchukua mwaka wa 1977 wajenge ndege. Ilikuwa ndege ndogo ya mtu mmoja, katika banda nyuma ya kiwanda, mwendo mfupi kutoka Kericho. Kilichomwamsha Kebaso kila asubuhi ni ahadi: ndege ikiruka, Bwana angemwandikia barua ya kushuhudia kwamba mabawa ni kazi ya mikono yake. Kwa barua hiyo angeomba kazi kwenye uwanja wa ndege Nairobi, na mkewe Bonareri angetoka katika kile chumba kimoja cha laini ya wafanyakazi.

Lakini Kericho hunyesha kila alasiri, na gundi haipatani na unyevu. Kebaso ndiye aliyetoa shauri. Jumapili, ghorofa ya kunyaushia majani ya chai ilikuwa tupu na bado ina joto. Wakapeleka bawa la kwanza huko, likakauka vizuri. Mahali pawili unyevu uliingia, faiba ikawa nyeupe kama maziwa. Kebaso akaona, akakata, akarudia. Faiba haifichi kitu.

Kisha rafiki ya Thorley akamtumia kutoka Uingereza robota moja la kitambaa cheusi, nyuzi za kaboni.

"Hii nguvu kama chuma, nyepesi kama karatasi," Thorley alisema. "Uti ya bawa ya pili tutafanya na hii."

"Bwana, hii siwezi kuona ndani."

"Hapana haja kuona. Huko Ulaya wameona tayari." Akacheka.

Uti wa bawa la pili waliutandaza msimu wa majani mengi, kiwanda kikifanya kazi hata Jumapili. Walipoupandisha ghorofani, majani mabichi yalikuwa yamejaa kando, yakitoa jasho kwenye hewa ya moto. Kebaso aliyaona. Akajiambia kwamba mahali hapa hapajawahi kumwangusha. Uti ulitoka mweusi, unang'aa, mzuri kuliko chochote alichowahi kutengeneza.

Wiki iliyofuata, bawa likiwa limekamilika, aliligonga. Karibu na shina, pale bawa linaposhikana na mwili wa ndege, kwa urefu wa mkono mzima, liliitika kama mlango ule.

Alikaa na jambo hilo siku tatu.

"Baba Nyatichi, unagonga meza kila tukila," Bonareri alimwambia. "Kuna nini?"

"Kuna kitu nimeharibu."

"Kinaonekana?"

"Hakionekani."

"Sasa nani atajua?"

"Yule atakuwa huko juu."

Bonareri alikitazama chumba, kitanda, jiko, nguo kwenye kamba.

Kesho yake Kebaso alimweleza Thorley yote, hata habari ya majani mabichi. Thorley akagonga mwenyewe, asisikie tofauti. Lakini hakuwa mjinga. Aliamuru bawa lifungwe kichwa chini, lipangiwe magunia ya mchanga juu yake, moja moja, kupima nguvu yake.

Watu walitoka kiwandani kutazama. Kipkemoi, mchochea moto wa boila, akapaza sauti: "Wewe Mkisii! Hii ndege yako ni ya kuruka ama ni ya kubeba mchanga?"

Watu wakacheka. Gunia la kumi na nne lilipowekwa, bawa lilialika kama kuni kavu, likakunjika pale pale Kebaso alipoweka alama ya chaki. Ndani, tabaka nyeusi zilikuwa zimeachana kama kurasa za kitabu, na katikati yake ule weupe wa maziwa ambao hakuna jicho lililouona. Hakuna aliyecheka tena, hata Kipkemoi.

Kitambaa cheusi kilikuwa kimekwisha, na mkataba wa Thorley ulibakiza wiki sita.

"Bwana," Kebaso aliuliza siku ya mwisho, "na ile barua?"

"Niandike nini, Kebaso? Umejenga bawa, bawa imevunjika?"

Hata hivyo aliandika. Aliandika kwamba Kebaso ni mtu mwaminifu.

Kebaso aliipeleka Nairobi akiwa amevaa koti la kuazima. Msimamizi wa karakana ya ndege aliisoma mara mbili, akaigeuza kutazama nyuma.

"Waaminifu wako wengi, mzee. Wewe umejenga nini?"

Kebaso alifikiria bawa la kwanza, lile zima, lililokuwa sasa limelala bandani bila mwenzake.

"Matangi," akasema.

Jumatatu alikuwa amerudi shambani. Alipanda ngazi ya tangi la juu, akavua senti shingoni, akagonga kuanzia chini hadi ukingoni, akisikiliza. Lilikuwa zima. Akashuka, akahamishia ngazi kwenye lile la pili, na mvua ya alasiri ikaanza.