Hodi kwa Baba Mkwe

Watu wa mjini nikiwaambia kwamba niliishi miaka sita nyumba moja na baba mkwe bila kumtazama usoni, hudhani natia chumvi. Wengine hucheka. Siwalaumu, ila sina subira ya kueleza jambo moja mara kumi, ndiyo maana nimeamua kuliandika. Kwetu Rungwe huitwa kumwogopa mkwe, na maana yake ni heshima. Mkamwana hakutani na baba mkwe, hasemi naye, halitamki jina lake. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia na kuingia migombani mpaka mzee apite. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, vijana waliokwisha kuonja Mbeya na Dar es Salaam walikuwa wameanza kulegeza kamba. Mama yangu, aliyefua mashuka kwenye hospitali ya misheni Igogwe maisha yake yote, hakunilea kulegeza chochote. Na baba mkwe wangu alikuwa mtu wa kale hasa.

Mama mkwe alifariki kabla sijaolewa. Mzee alibaki kwenye nyumba yake ya mianzi na nyasi hadi masika moja ilipoinama upande mmoja ikagoma kuinuka. Baba watoto akamleta kwetu, kwenye nyumba ya tofali na bati, akampa chumba cha pembeni chenye mlango wake wa kutokea uani. Nyuma ya chumba hicho kulikuwa na stoo isiyo na dirisha, tulimoweka mahindi na maharage. Bila stoo ile tusingeweza kuishi pamoja. Nilipotaka kumpelekea chakula, nilisimama nje ya mlango na kusema, "Hodi, napita." Nikisikia fimbo yake inagonga sakafu kuelekea nyuma, mlango wa stoo unafungwa, komeo linashushwa kwa ndani. Hapo ndipo nilipoingia. Nilifagia, nikatandika kitanda, nikatia mkaa kwenye jiko la kuotea, nikaweka chakula. Nikishatoka nilisema, "Nimetoka," naye akarudi kuketi mahali pake. Hivyo mara tatu kwa siku, kwa miaka sita.

Tuliongea hata hivyo. Yeye aliongea na kuku. "Wewe kuku," utamsikia anasema kwa sauti ya kufika jikoni, "mwambie mwenye jiko lake kwamba leo chumvi imemponyoka." Nami namjibu kupitia sufuria: "Sufuria, mwambie anayelalamika kwamba jana alisema chakula hakina ladha." Halafu namsikia anacheka peke yake hadi anakohoa. Nilimpenda mzee yule. Niliwahi kusema hivyo mbele ya wanawake wenzangu kisimani wakanitazama kwa mshangao.

Katika nyumba alikuwepo pia wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuwa ameachika, amerudi kwa kaka yake na sanduku moja. Yeye ndiye aliyemwogesha baba yake, akamnyoa, akamshika mkono kwenda kuota jua. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Kisha ikaungua nyumba ya mfanyabiashara mmoja pale Msasani ya kwetu Rungwe, si ile ya Dar es Salaam. Watu walianza kuwa na vitu miaka ile. Maduka yaliyokuwa matupu tulipokuwa wasichana sasa yalijaa magodoro ya sponji, redio, mapazia ya nailoni, na kila mwenye duka aliweka dumu la petroli chini ya kitanda akingoja bei ipande. Nyumba ile iliteketea kabla maji hayajachotwa. Baba watoto alikwenda kuitazama, na kesho yake akaanza maandalizi. Alipoanza jambo huyo bwana, hakuna aliyepumua. Tukawekewa pipa la maji chini ya michirizi ya bati, ndoo za mchanga, na ngazi ya mianzi. Mafuta ya taa yakahamishiwa kwenye kibanda cha nje. Kila mtu akapewa kazi yake: mimi watoto wawili, yeye sanduku la karatasi za shamba, na wifi amtoe mzee.

Jumapili moja baada ya ibada tukafanya mazoezi. Yeye akapiga kelele "Moto!" mchana kweupe, mimi nikakimbia na watoto hadi kwenye migomba, nikageuka kuangalia bondeni ili mzee apite na wifi nyuma yangu. Majirani walisimama kwenye ua wa mikarakara wakatucheka mpaka wakajishika mbavu. Mzee mwenyewe alimwambia kuku kwamba mwanawe sasa amekuwa jemadari.

Mimi niliona pengo siku ile ile. Niliona kwamba hatukusema nani atamtoa mzee kama wifi hayupo. Neno lilinifika mdomoni nikalimeza, kwa sababu ningeanzaje? Mkamwana hapangi namna ya kumshika baba mkwe. Nikajiambia wengine nao wameliona na watalisema. Hakuna aliyelisema.

Ilitokea msimu wa kiangazi, siku ya upepo, kama saa nne asubuhi. Baba watoto alikuwa Isongole tangu alfajiri, ananunua viazi vya kupakia kwenye lori. Watoto walikuwa shule. Wifi alikuwa amekwenda barabarani na mikungu ya ndizi. Siku hizo malori ya Dar es Salaam yalikuja yenyewe hadi kwetu, na wanawake walikaa kando ya lami wakingoja, maana mnunuzi wa kwanza akikupa bei ya kukudharau huenda wa pili akawa na adabu. Kwa hiyo alikawia. Wote walikawia siku hiyo.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya ukungu, nikamwekea mzee jiko la mkaa karibu na kitanda kuliko kawaida. Godoro lake lilikuwa jipya, la sponji, mume wangu na wifi walimnunulia badala ya lile la majani makavu alilolala tangu ujana wake. Hatukujua lile dude linawaka namna gani. Nilikuwa shambani nyuma ya nyumba nikivuna maharage niliposikia harufu kali isiyo ya kuni wala ya nyasi. Nikainua kichwa, nikaona moshi mweusi unatoka chini ya bati.

Nilikimbia. Nilifika mlangoni pake na nikasikia fimbo. Hili nataka lieleweke vizuri. Fimbo ilikuwa inagonga sakafu ikija kwangu. Mzee alikuwa anatoka. Alikuwa amebakiza hatua mbili, labda tatu, kufika kwenye kizingiti. Nami nikafungua mdomo kumwita, na mdomo ukasema ulichozoea kusema mahali pale.

"Hodi, napita."

Fimbo ikasimama, kisha ikageuka. Nikaisikia inarudi haraka, nikasikia mlango wa stoo, nikasikia komeo. Ndipo nikapiga kelele, "Moto! Tokeni, moto!" Kama alinisikia sijui. Ndani kulikuwa kunanguruma. Niliingia nikajifunika uso kwa kanga, lakini godoro lilikuwa limeshakuwa uji unaowaka na kutiririka sakafuni, limekata njia ya kwenda stoo. Niliita. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwita, "Baba!" na tena, "Baba, fungua!" Moshi ukanijaa, nikatoka nje nikitambaa.

Pipa la maji lilikuwa palepale, limejaa. Nilimwaga ndoo moja baada ya nyingine kupitia mlangoni na haikusaidia kitu. Majirani walipofika niliwaonyesha stoo kwa kidole tu, sauti ilikuwa imekwisha. Wakauvunja ukuta wa nyuma kwa majembe na sururu, wakamtoa. Alikuwa hai. Walimlaza kwenye majani ya migomba, na mimi, Mungu anisamehe, niligeuza uso.

Alikaa siku mbili hospitalini. Wifi hakutoka pembeni ya kitanda chake. Mimi nilikaa nje ukumbini, kwenye benchi, mkono mmoja umefungwa bendeji. Siku ya pili mchana wifi alitoka akasema, "Baba ametutoka," akaketi sakafuni. Nilimshika akaniachia nimshike. Sikujua wakati ule alikuwa amebeba nini.

Matangani wazee wa ukoo walikaa kwenye mianzi iliyokatwa upya wakaanza kuuliza. Nani alikuwa na kazi ya kumtoa mzee? Kila mtu alijua, mazoezi yetu yalishakuwa kichekesho cha kijiji kizima. Wakamwita wifi.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza mdogo wa marehemu.

"Barabarani, baba mdogo. Na ndizi."

"Mpaka saa sita?"

"Lori la kwanza lilikuwa na bei mbaya."

Baba mdogo alitikisa kichwa. Akasema, "Basi umemuuza baba yako kwa mkungu wa ndizi." Hakuna aliyepinga. Mume wangu alitazama chini. Kuhusu stoo walikubaliana kwamba moshi ulimchanganya akili, macho hayakuona, akapotea njia ndani ya chumba chake mwenyewe. Mimi walinipa pole. Walisema nimejitahidi kuliko mwanamke yeyote, kwamba niliingia motoni kwa ajili ya mkwe. Mwanamke mmoja alinishika mkono wenye bendeji akanishukuru kwa lugha yetu, "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo," asante sana. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwa wifi. Niliogopa, na safari hii haikuwa heshima, ilikuwa woga mtupu. Nikainama nikalia, wakadhani ni uchungu.

Nyumba yetu iliungua karibu yote, lakini kupona kwa nyumba ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Majirani walikuja na mianzi, na nyasi, na mikono yao. Waliotucheka kwenye ua wa mikarakara ndio waliokuwa wa kwanza kukanyaga udongo. Kanisa lilitupa furushi la mitumba, na watoto wangu walikwenda shule wamevaa makoti ya watu wazima wa Ulaya yanayoburura chini. Tulikula maharage yaliyonusurika stoo, yananuka moshi hata uyachemshe mara tatu. Watoto waliyakataa. Mimi niliyala yote. Nilikuwa na hasira na kila kitu: na magodoro, na malori, na wanaume wanaopanga mambo ya moto halafu wanasahau kuuliza wanawake wako wapi saa nne asubuhi. Hasira ilinisaidia kuamka. Ilinisaidia pia nisijitazame.

Wifi hakukaa. Maneno ya matanga yalimfuata kisimani, kanisani, hata sokoni, ambako wanawake walimwuliza bei ya mkungu huku wakikonyezana. Kaka yake alimsemesha kwa mambo ya lazima tu. Mwezi wa tatu baada ya matanga alichukua sanduku lake, akapanga chumba Msasani, akaanza kuuza vitumbua na chai karibu na stendi. Nilimpelekea maharage, ndizi, maziwa. Alipokea, akasema asante, akaniuliza habari za watoto. Nilikwenda kila mwezi kwa miaka mitatu, na kila mwezi nilirudi na neno langu bado liko kooni. Njiani nilijitukana kwa sauti.

Kilichonifungua mdomo hakikuwa ushujaa. Yule baba mdogo alikufa, na wifi alipokuja msibani, watoto wa marehemu walimwambia akae nje ya uzio. Nilimwona amesimama kwenye vumbi na kanga yake nyeusi, amebeba debe la mchele wa rambirambi ambalo hakuna aliyetaka kulipokea. Nikajua kwamba nikipita pale bila kusema, sitasema tena kamwe.

Nilikwenda Msasani kesho yake. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mlangoni. Niliketi chini, mbele yake, nikasema yote bila kupumzika: fimbo ilivyokuwa inakuja, hatua mbili, hodi yangu, komeo. Nilisema kwamba baba yake hakuchanganywa na moshi. Nilisema kwamba hata yeye angekuwa amekaa nyumbani siku ile, ni mimi niliyesimama mlangoni, ni mimi niliyemrudisha. Nilisema nitakwenda kusema hivyo kwa kaka yake na kwa ukoo wote, leo hii.

Hakuacha kuchambua. Alitoa jiwe dogo, akalitupa uani.

"Najua," akasema.

Sikumwelewa.

"Baba aliniambia hospitalini, siku ya pili asubuhi. Alisema, 'Mkamwana alipiga hodi, nikampisha.' Akasema nisikwambie kwamba ameniambia. Alihofia utashindwa kula."

Nilimwuliza kwa nini basi hakusema matangani walipomwita muuza baba. Alikuwa na jibu mkononi. Neno moja lingetosha.

Akaweka ungo chini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Nilikuwa nakungoja wewe, wifi," alisema. "Siku ile matangani nilikungoja mpaka watu wakatawanyika. Na kila mwezi ulipokuja na maharage yako, nilikungoja tena."